Uzi: Rangi ya paneli juu ya bati lako inaeleza jinsi fuwele za silikoni zilivyopangwa

Mkaa Tengeru (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila paneli za sola zikitajwa hapa Arusha, mabishano ni yaleyale. Wapo wanaosema nyeusi ndiyo yenye nguvu, ya bluu imepitwa na wakati. Wapo wanaoapa kuwa ya bluu ndiyo orijino na nyeusi imepakwa rangi ili ivutie macho. Mimi nasomea sayansi ya mata, na kazi yangu ni filamu, yaani tabaka nyembamba sana, za semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kuliko kioo lakini chini ya metali). Nimeona nifungue uzi, maana jibu la ubishi huu limejificha kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika fani hii: namna atomu zinavyojipanga ndani ya kitu kigumu, na yanayotokea pale mpangilio unapokatika ghafla, yaani usoni.

Tuanze na silikoni yenyewe, kitu kinachotengenezea seli za paneli hizi. Kila atomu ya silikoni imeshikana na majirani wanne, na umbali kati yake na kila jirani ni nanometa 0.235 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mpangilio huu ni uleule wa almasi. Kipo kisanduku kidogo ambacho ukikirudia juu, chini na pande zote unapata fuwele nzima. Upande wake una nanometa 0.543, na ndani yake mna atomu 8. Kitu chote kinachoitwa silikoni ya fuwele ni kisanduku hicho kimerudiwa mara zisizohesabika.

Sasa tofauti ya mono (fuwele moja, ndiyo ile nyeusi) na poly (fuwele nyingi, ndiyo ile ya bluu). Ya mono hutengenezwa kwa njia iliyotokana na ugunduzi wa Mpolandi Jan Czochralski mwaka 1916. Silikoni inayeyushwa, na inayeyuka kwenye nyuzi 1,414 za Selsiasi. Kipande kidogo cha fuwele, yaani mbegu, kinagusishwa kwenye uji huo wa moto kisha kinavutwa juu polepole huku kikizungushwa. Atomu zinazoganda zinafuata mpangilio wa mbegu. Linatoka gogo la mviringo ambalo ni fuwele moja tangu kichwani hadi mkiani. Gogo hilo linachongwa liwe karibu na mraba halafu linakatwa vipande vyembamba, na ndiyo maana seli nyingi za mono zina kona zilizokatika.

Ya poly huyeyushwa na kugandishwa ndani ya chombo cha mraba. Fuwele nyingi zinaanza kuota kwa wakati mmoja, kila moja imeelekea kwake, mpaka zinakutana. Angalia paneli ya poly kwa karibu jua likiwa pembeni utaona mabaka, baka moja limeng'aa, jirani yake limefifia. Kila baka ni fuwele moja, na unaitazama kwa macho yako bila mashine yoyote.

Haya, weusi unatoka wapi? Silikoni iliyong'arishwa hurudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga unaoipiga. Hiyo ni hasara kubwa mno. Kwa hiyo seli za mono huoshwa kwenye myeyusho wa alkali kama potasiamu haidroksaidi. Alkali hii haili silikoni sawasawa pande zote. Kuna mwelekeo wa fuwele tunaouita (100), huo unaliwa haraka. Na kuna mwelekeo wa (111), ambako atomu zimeshikwa zaidi, huo unaliwa taratibu sana. Namba hizo tatu ni anwani tu ya mwelekeo ndani ya fuwele. Ukianza na uso wa (100), alkali inachimba mpaka inakutana na nyuso za (111), inakwama. Kinachobaki ni piramidi ndogo ndogo zenye ukubwa wa mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zote mbavu zake zimeinama nyuzi 54.7, wala hakuna aliyezichonga. Mwanga ukipiga ubavu wa piramidi moja, unaodunda unaangukia ubavu wa jirani na kupata nafasi ya pili ya kuingia. Juu yake inawekwa filamu ya silikoni naitraidi ya nanometa kama 75. Mwanga unaorudi unabaki kidogo sana, na kitu kisichorudisha mwanga macho yetu yanakiona cheusi.

Kwenye poly mbinu hiyo inagoma. Kila fuwele imeelekea kwake, alkali inatoa piramidi zilizonyooka hapa, zilizolala pale, na kwingine hamna kitu. Wakalazimika kutumia asidi inayochimba vishimo bila kujali mwelekeo. Vishimo hivyo vinarudisha mwanga zaidi, na hapo rangi ya filamu inaonekana. Hesabu yake ni fupi: filamu inazuia vizuri zaidi rangi ambayo robo ya urefu wa wimbi lake, ndani ya filamu, inalingana na unene wake. Wimbi la nanometa 600 ndani ya naitraidi linapungua karibu nusu, linakuwa 300, robo yake 75. Kwa hiyo rangi ya chungwa na jirani zake zinaingia, bluu ndiyo inayorudi kwako.

Nyeusi haijapakwa rangi, na bluu si alama ya uorijino. Zote mbili ni matokeo ya mpangilio wa atomu. Karibuni.

Fundi wa Jua

Mkuu umenifungua. Nafunga sola maeneo ya Sakina mpaka Ngaramtoni na hili la rangi wateja wananiuliza kila siku. Maswali mawili. Mteja ana paneli mbili za wati 100, moja poly moja mono, anadai nyeusi lazima inatoa zaidi. Ni kweli? Pili, vumbi la huku kiangazi unalijua. Watu wanasugua paneli kwa mchanga na sabuni ya unga. Hizo piramidi si zinaisha?

Mkaa Tengeru

Fundi, la kwanza: wati 100 ni wati 100. Namba hiyo inapimwa kiwandani kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli ikiwa kwenye nyuzi 25. Kama vibandiko vyote viwili ni vya kweli, zitalingana kwenye hali hiyo. Tofauti ni eneo: ya poly itakuwa kubwa zaidi kidogo kufikisha wati hizohizo, kwa sababu pale fuwele zinapokutana kuna mipaka, na mipaka hiyo inanasa sehemu ya elektroni kabla hazijafika kwenye waya. Mwenye bati dogo achukue mono. Mwenye nafasi ya kutosha aangalie bei na dhamana.

La pili, piramidi ziko chini ya kioo, hakuna brashi inayozifikia. Anayesugua kwa mchanga anakwaruza kioo, nacho kikikwaruzika kinapoteza mwanga, kwa hiyo mwambie atumie maji na kitambaa laini asubuhi kabla paneli haijapata moto. Kinachoniuma mimi ni kingine: mafundi wanaopiga goti juu ya paneli wakati wa kufunga. Seli ina unene wa mikroni 180 hivi au pungufu. Ufa unaingia, kwa macho huuoni, na kipande kilichokatika kikipoteza mguso na waya kinaacha kuchangia umeme. Paneli itaonekana mpya kabisa huku inatoa pungufu. Tafadhali wafundishe vijana wako wasikanyage.

Dalali Mawe

Mimi ni mtu wa mawe, umeme siujui. Ila hii ya mwelekeo imenigusa. Tanzanaiti ukiigeuza inabadilika rangi, na kuna upande ukiigonga vibaya inapasuka kama imekatwa na wembe. Ni kitu kimoja na hicho?

Mkaa Tengeru

Ni kitu kimoja kabisa mkuu, na watu wa machimbo ya Mererani mnakijua kwa mikono kabla ya sisi kukisoma. Tanzanaiti ni madini ya zoisaiti yenye vanadi kidogo ndani yake. Mpangilio wake wa atomu haufanani katika pande tatu, kwa hiyo mwanga unanyonywa tofauti kutegemea unapita upande gani: bluu huku, zambarau huku, nyekundu ya kahawia kule. Mnapoichoma kwenye nyuzi kama 500, hali ya vanadi ndiyo inayobadilika. Mpangilio unabaki uleule. Na ule upande unaopasuka ni tabaka ambako vifungo vya atomu ni dhaifu kuliko kwingine. Zoisaiti ina upande mmoja wa namna hiyo.

Silikoni nayo ina tabia hiyo. Kipande chembamba cha uso wa (100) kikipasuka, nyufa hukimbia kwa pembe mraba. Cha uso wa (111) nyufa zake hufuata nyuzi 60. Kwenye maabara, kipande kilichoanguka sakafuni kinakwambia mwelekeo wake bila kukipima. Mkataji wa vito anayetafuta upande salama wa kuweka msumeno anafanya uchunguzi wa fuwele, hata kama hakuna aliyempa cheti cha fizikia.

Binti Sakina

Kaka asante kwa uzi. Nimemaliza Form Six PCM. Umesema mwanzoni mpangilio "unapokatika" usoni, halafu hukurudi hapo. Kinatokea nini? Na mtu akitaka kusomea haya anaanzia wapi?

Mkaa Tengeru

Dada umeuliza penyewe, naomba uvumilivu maana hapa nitaongea.

Piga hesabu hii. Kipande cha mikroni 180 chenye uso wa (100) kina tabaka za atomu takriban 1,300,000 toka juu hadi chini. Kati ya hizo, mbili tu ndizo ziko usoni. Utadhani tabaka mbili kati ya milioni na ushee hazina neno. Lakini atomu ya ndani ina majirani wanne, na ya usoni imepoteza baadhi yao. Kwenye (111) kila atomu inabaki na kifungo kimoja kisicho na mwenza. Kwenye (100), viwili. Elektroni iliyoamshwa na jua ikifika karibu na kifungo kama hicho inanaswa, inarudi kwenye nafasi yake ya zamani, na nishati yake inaishia kuwa joto. Seli yenye silikoni safi kabisa ndani lakini uso haukutunzwa inakuwa seli mbovu.

Jambo hili liliwasumbua waliotangulia. Huko Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walijaribu kutawala umeme ndani ya semikondakta kwa kuweka chaji juu yake, na haikuitikia walivyotarajia. John Bardeen akaeleza kuwa elektroni zinanaswa usoni na kuzuia chaji isihisiwe ndani. Kulifuatilia tatizo hilo la uso ndiko kulikowafikisha, yeye na Walter Brattain, kwenye transista (swichi ndogo ya umeme) ya kwanza, Desemba 1947. Miaka ya mwisho ya 1950, hapohapo Bell Labs, Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said, Misri, alionyesha kwamba ukiiotesha silikoni oksaidi yake yenyewe kwa joto, vifungo vya usoni vinapata cha kushika na uso unatulia. Yeye na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, wakatengeneza transista inayotegemea uso huo uliotulizwa. Simu unayosomea uzi huu ina mabilioni ya transista za ukoo huo. Natamani kila mwanafunzi wa fizikia Tanzania alijue jina la Atalla kama anavyomjua Newton.

Sasa, kama hakuna oksaidi wala haidrojeni ya kuvifunga vifungo hivyo, atomu za usoni hazikai kimya. Zinahama. Kwenye (100) zinasogeleana mbili mbili na kushikana, ili kila moja ibakiwe na kifungo kimoja kilicho wazi badala ya viwili. Kwenye (111) zinafanya jambo la ajabu zaidi: zinajipanga upya kwa ruwaza ambayo kila upande ni mara 7 ya ile ya ndani, tunaiita 7×7. Mwaka 1959 Schlier na Farnsworth waliiona ruwaza hiyo kwa kurusha elektroni za nguvu ndogo usoni na kutazama madoa yanayorudi. Madoa yalionyesha kuwa ukubwa ni 7×7, ila atomu zimekaa wapi hasa hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika, na mabishano yakadumu zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1983 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer na wenzao wa IBM, karibu na Zürich, wakaileta picha. Chombo chao kina ncha kali ya chuma inayosogezwa karibu na uso bila kuugusa, chini ya nanometa moja, na mkondo mdogo wa umeme unavuka ule mwanya. Ncha ikisogea nanometa 0.1 tu, mkondo unabadilika karibu mara 10. Kwa usikivu huo waliziona atomu moja moja, na vishimo kwenye kona za ruwaza. Mwaka 1985 Kunio Takayanagi na wenzake wa Japani wakatoa muundo kamili: ndani ya eneo ambalo lingekuwa na vifungo 49 vilivyo wazi, kujipanga upya kunabakisha 19. Mwaka uliofuata Binnig na Rohrer wakapewa Nobeli, pamoja na Ernst Ruska wa hadubini ya elektroni.

Kuna gharama moja lazima niitaje, maana ndiyo inayozuia kazi hii kwenye maabara nyingi. Uso safi hauna uhai mrefu. Hata kwenye utupu ambao kanieneo lake ni kama sehemu moja ya bilioni ya hewa ya kawaida, molekuli zilizobaki zinatosha kuufunika uso wote ndani ya sekunde moja hivi, kama zinanata. Ukitaka saa chache za kufanya kazi unahitaji utupu bora kuliko huo mara 10,000. Pampu, chemba za chuma cha pua, kuoka mfumo mzima ili maji yatoke kutani: hapo ndipo fedha inapoenda.

Lakini usikate tamaa, si kazi yote inahitaji hivyo. Filamu za zinki oksaidi, kwa mfano, unaweza kuzitengeneza kwa kunyunyizia myeyusho wa zinki asetati kwenye kioo kilicho juu ya joto la nyuzi 400 hivi. Ni semikondakta halali, inapitisha mwanga, na ukiongeza alumini kidogo inapitisha umeme vizuri. Ukiipiga eksirei, kwenye grafu ya mionzi inayorudi ukaona mstari wa nyuzi 34.4 umepanda kuliko wote, unajua fuwele zake zimesimama wima juu ya kioo.

Kuhusu masomo: anza na shahada ya fizikia, kemia au uhandisi wa mata. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wana historia ndefu kwenye fizikia ya mata. Chuo cha Nelson Mandela hapa Tengeru ni cha uzamili na uzamivu, utafika baadaye. Ukipenda upande wa ufundi, ATC (Chuo cha Ufundi Arusha) wapo mjini. Wakati unasubiri, pakua VESTA, programu ya kuchora fuwele, na uchukue mafaili ya fuwele kwenye hifadhi ya COD, ni bure. Jenga silikoni, izungushe, itazame kutoka upande wa (111) na wa (100) mpaka uione bila kuangalia.

Ticha wa Moshi

Mtoa mada, nafundisha fizikia A-level huku Moshi. Eksirei hatuna na hatutakuwa nayo karibuni. Ninawaonyeshaje vijana kwamba mtu anaweza kupima nanometa 0.543 bila kuiona?

Mkaa Tengeru

Mwalimu, shikamoo. Naomba ujaribu hivi.

Chukua kalamu ya leza nyekundu, CD moja na DVD moja. Mistari ya CD imeachana mikroni 1.6, ya DVD 0.74. Piga leza wima kwenye CD, ukutani doa la kwanza la pembeni litatoka kwa nyuzi 24 hivi. Kwenye DVD litafungua mpaka karibu nyuzi 61. Wapimie kwa rula na tanjenti, wapate nafasi ya mistari wenyewe. Wasiielekeze machoni. Wakishaona kuwa nafasi ndogo inafungua pembe kubwa, waulize: tabaka za silikoni zimeachana nanometa 0.3, leza ina wimbi la nanometa 650, itakuwaje? Haitawezekana. Wimbi lazima liwe dogo kama chenyewe kinachopimwa. Hilo ndilo wazo la Max von Laue mwaka 1912, na mwaka uliofuata William Bragg na mwanawe Lawrence wakalifanya liwe hesabu. Lawrence alipata Nobeli mwaka 1915 akiwa na miaka 25, karibu umri wa hao vijana wako wakimaliza chuo.

Kisha wape data halisi. Unga wa silikoni, eksirei ya shaba yenye wimbi la nanometa 0.15406, mstari wa kwanza kwenye nyuzi 28.44. Hiyo ni pembe mara mbili, kwa hiyo wagawe: 14.22. Saini yake (sine) ni 0.2456. Gawa wimbi kwa mara mbili ya hiyo, unapata 0.3136. Huo ni umbali kati ya tabaka za (111). Zidisha kwa kipeuo cha pili cha 3, inatoka 0.543.

Usiishie hapo. Atomu 8, kila mole gramu 28.09, namba ya Avogadro, gawa kwa ujazo wa kisanduku. Itatoka gramu 2.33 kwa sentimita ya ujazo, ambayo ndiyo densiti ya silikoni kwenye jedwali lao. Kijana akiona pembe iliyosomwa kwenye mashine imempa uzito wa jiwe, hatasahau.

Ticha wa Moshi

Marahaba. Hii ya densiti naiweka kwenye somo la wiki ijayo. Nipe mistari mingine wapate mazoezi, na swali moja la kuwakuna kichwa.

Mkaa Tengeru

Mistari miwili inayofuata ni nyuzi 47.30 kwa (220) na 56.12 kwa (311). Umbali wa tabaka wanaoupata kwenye wa kwanza wauzidishe kwa kipeuo cha pili cha 8, wa pili kwa kipeuo cha pili cha 11. Zote lazima zirudi kwenye 0.543.

Swali la kukuna kichwa: kwa hesabu hiyohiyo, mstari wa (200) ungetakiwa kuwa karibu nyuzi 33. Kwenye unga wa silikoni haupo. Umeenda wapi? Waache wahangaike kwanza. Jibu ni kwamba ukitembea upande huo wa fuwele unakuta tabaka kila robo ya kisanduku, siyo kila nusu, na zote zina atomu sawa. Wimbi linalorudi kutoka tabaka ya robo limechelewa nusu wimbi hasa, linalifuta lenzake lote. Akitokea kijana akakuuliza ni mstari upi basi unaosalimika upande huo, mwambie apige hesabu ya (400). Atapata nyuzi 69.13, na pale mstari upo.